Maombi ya Mama Perpetua

Spika ya kanisa letu pale mtaani Lindi ilikuwa lazima ipige mluzi kabla ya kusema, na Jumapili ile ilipopiga mluzi nilikuwa nje nacheza bano, zile gololi za kioo, na wenzangu, harufu ya omena, dagaa wa kukaanga, imejaa njia nzima. Kisha ikatoka sauti ya Mama Perpetua, kiongozi wa maombi wa akina mama: "Baba, mkumbuke kijana Otieno, mlango wa bluu, wa tatu kutoka chooni. Ana miaka kumi, Baba, na bado anakojoa kitandani." Kanisa likaitikia amina. Bano zikasimama. Rafiki yangu Kevo akageuka kuangalia choo, akahesabu milango kwa kidole, akafika kwetu.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Kikojozi nilikuwa, sikatai. Mama yangu, aliyekuwa akifulia watu nguo kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, alikuwa akianika godoro langu kila asubuhi na kuwaambia majirani kwamba chai imemwagika. Godoro lile lilikunywa chai kuliko watu wa nyumba. Mwishowe akachoka, akamwendea Mama Perpetua kwa siri, maana desturi ya kanisa letu ni kwamba mzigo hubebi peke yako: unamnong'oneza kiongozi wa maombi, yeye anaupeleka kwa Mungu. Na desturi yenyewe ni nzuri. Ugomvi wangu ni na huyo mbebaji. Mama Perpetua hakusengenya hata siku moja, kwa sababu kusengenya ni dhambi. Alichofanya, neno likimwasha, alifumba macho kwanza. Hivyo ndivyo tulivyojua ni mume wa nani aliyelala mtaroni, na ni shemasi gani aliyeonekana mtaa wa Makina akitafuta dawa ya mapenzi. Akifumba macho yeye, Lindi nzima inafungua masikio. Na kila mtu alitajwa na mlango wake, Mungu asije akakosea nyumba akamponya jirani.

Mama alimfuata siku hiyo hiyo, kanga begani, mimi nyuma yake. Hakupiga kelele, alikuwa mtu wa kusema polepole hata akiumia. Alisema tu, "Dada, nilikuambia wewe. Sikuiambia Lindi." Mama Perpetua alikuwa akimenya viazi, na hata kisu hakukiweka chini. Akajibu, "Mama Otieno, kwani nimesengenya? Si nimeomba?" Mama akageuka, maana utamshtaki vipi mtu kwa kosa la kuomba? Tukarudi nyumbani. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini yule alijikwaa ulimi na dole likaniuma mimi.

Kesho yake shuleni nilikuwa na jina jipya. "Niaje, Mafuriko?" Kevo ndiye aliyelianzisha, na nalisema wazi kwa sababu bado yuko hai na anajua. Deski letu la watu watatu likawa la mtu mmoja. Mvua ikinyesha, darasa zima linageuka kuniangalia kama vile mimi ndiye nimeileta. Nilivumilia mpaka darasa la tano, nikaacha shule, nikaanza kubeba mitungi ya maji, na hata hapo wateja walicheka. Kukojoa kwenyewe kuliisha bila maombi, kimya kimya, na hakuna aliyetangaza hilo.

Siku hizi naishi Kawangware, na Mama Perpetua naye yuko huku, nywele nyeupe, anaheshimika sana. Zamani siri ilifika pale sauti ilipofika. Leo maombi yanaandikwa kwenye vikundi vya simu, na mtu wa Mombasa anajua ugonjwa wako kabla ya daktari. Juzi alialikwa afundishe vijana jinsi Mkristo anavyopaswa kusema, kwa hekima na upole, maneno yakikolea munyu. Binti yangu amejiandikisha kwenda. Sitamzuia, somo lenyewe ni la kweli. Lakini kabla hujafungua Biblia mbele ya mtoto wangu, Mama Perpetua, nijibu mimi. Mwanamke alikuja kwako analia, akakupa aibu ya mtoto wake uitunze. Nani alikupa ruhusa ya kuigawa? Usiniambie utaniombea. Mama amezikwa Siaya na hawezi kukuuliza tena, kwa hivyo nauliza mimi, na ninangoja jibu.