Mwalimu Kidevu

Mwalimu Kidevu, ndivyo watoto wanavyomwita: huyo aliyewafundisha kusoma wanangu wote wanne, akamfundisha na karani wa posta, na sasa anaye mjukuu wangu. Neno refu la Kiingereza halimtishi hata kidogo. Huweka kiganja chini ya kidevu, vidole vimejaa chaki, akalitamka polepole. Kila kidevu kinaposhuka kikagusa kiganja, hicho ni kipande kimoja, naye huchora mstari ubaoni. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu darasani nikakaa benchi la nyuma, maana alikuwa ameapa kwamba shule harudi tena. Ubaoni paliandikwa “refrigerator”.

“Mwalimu, hilo si neno, ni treni!” mjukuu wangu akalalamika.

“Basi achanisha behewa mojamoja, mama.”

Akaweka kiganja kidevuni. Re. Fri. Ge. Akasita. Nami nimeshika kidevu changu bila kujijua. Ra. Tor! Akalirudia lote kwa mkupuo mmoja, akacheka mpaka machozi. Nilipiga vigelegele mlemle darasani, wala sikuona haya. Mwalimu akamkabidhi kipande cha chaki.

“Leo ukifika nyumbani, mkalishe bibi yako. Mpe neno refu kuliko hili, na usimwonee huruma.”