Ruhusa ya Njia ya Jeneza

Enid Tranter alikuwa mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga dukani, yeye ndiye aliyesema samahani. Akijigonga kwenye kiti, alikiomba radhi kiti. Watu wa Hopesley wote wana ugonjwa huu kidogo, lakini wake ulikuwa sugu, na mumewe Clem, enzi za uhai wake, alipenda kumtania kwamba siku ya kufa atamwomba radhi mchimba kaburi kwa kumsumbua.

Mahali pamoja tu Enid alikuwa hana adabu, napo ni Msitu wa Aldersty, mkasi wa kupogolea ukiwa mkononi. Humo aliitukana miiba kwa sauti. Kwa miaka thelathini na ushei aliitunza Njia ya Jeneza peke yake, bila kutumwa na mtu wala kulipwa. Siku za kazi alipika katika jiko la shule, Jumamosi akapanda mteremko ulio nyuma ya nyumba yake, akavuka malisho ya kondoo, akaingia penye mialoni na kuanza kukata.

Njia yenyewe ni maili moja na nusu, mpaka kanisa la Mtakatifu Milburga. Hopesley haijawahi kuwa na makaburi yake. Tangu zama za mababu wa mababu, maiti walibebwa mabegani kupita msituni, na miguu ya wabebaji imeichimba ile njia hata kuna mahali ukisimama ukingo wake unakufika kiunoni. Katikati ya msitu lipo jiwe bapa, refu kama mtu, walipolitua jeneza wakapumua na kunywa sida, pombe ya matofaa. Gari la maiti lilipokuja likachukua njia ya barabara, maili nne kwa kuzunguka, lakini walio hai hawakuiacha ya msituni. Kila Jumapili ya Matawi Hopesley nzima ilipita hapo na vikapu vya maua kwenda kuyapamba makaburi ya watu wao. Clem naye amelazwa kule, safu ya tatu, karibu na ukuta.

Basi mzee Corfield, mwenye shamba na msitu, akafa. Warithi wakamuuzia mtu aitwaye Straker, tajiri wa mjini aliyetaka kufuga ndege wa kuwindwa, na ndege hao hawapendi watu wapite. Wiki ya pili geti la malishoni likafungwa mnyororo, na kibao: HAPANA NJIA.

Enid alisimama mbele ya kile kibao na mkasi wake, asijue aingie au arudi. Alirudi. Jirani yake Olwen Pugh, mjane kama yeye, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa anaanika nguo.

"Olwen, wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Njia."

"Njia gani hiyo ya kufungwa? Njia hufungwa?"

Kumbe hufungwa. Zamani, serikali ilipoagiza kila kijiji kichore njia zake kwenye ramani, baraza la Hopesley lilichora njia zote isipokuwa ile moja ambayo kila mtu aliijua. Walisema, nani asiyeijua hiyo, ya nini kupoteza wino? Na mimi nawaambia, kijiji hiki kimejaa watu wenye akili.

Akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya njia ya wilaya, mpole, amevaa sweta lenye kiraka, akawakusanya kwenye ukumbi wa kijiji. Akawaambia tumaini lipo bado. Watu wakithibitisha kwamba wameipita njia kwa miaka ishirini mfululizo, sheria itaitambua, na Straker ataondoa mnyororo wake apende asipende. Ila kuna masharti matatu. Wawe wamepita wazi, si kwa kujificha. Wawe wamepita bila kuvunja kitu. Na wawe wamepita bila ruhusa.

"Bila ruhusa?" Olwen aliuliza. "Yaani tukiwa wezi ndiyo tunashinda?"

Ukumbi ukacheka. Yule bwana naye akacheka. "Si wezi, mama. Mwenye haki haombi. Ukishaomba, umekiri mwenyewe kwamba njia ni ya mwenzio, naye anaweza kukunyang'anya siku yoyote."

Enid alikuwa anagawa chai. Aliweka birika mezani taratibu, akashika ukingo wa meza.

Kwa sababu alikumbuka. Mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo, ng'ombe na kondoo walipochomwa mashambani na njia zote nchini zikafungwa, Hopesley haikuingia msituni kwa miezi. Ugonjwa ulipokwisha watu wangeweza kuanza tu kupita, kama walivyopita siku zote. Lakini Enid alikuwa katibu wa kamati ya maua ya Jumapili ya Matawi, na aliona si uungwana kujitoma tu katika shamba la mtu aliyepoteza mifugo yake yote. Tunaambiwa kuuliza si ujinga. Basi akauliza. Alimwandikia mzee Corfield barua nzuri, ya mwandiko wa kushonana: je, wanakijiji wangeruhusiwa kupita tena? Mzee akajibu kwa mkono wake: "Watu wa Hopesley wana ruhusa yangu kupita madhali ningali hai." Enid alifurahi kupita kiasi. Alibandika nakala kwenye ubao wa ukumbi, ikakaa mpaka jua likaifuta maandishi, na kila Krismasi akampelekea mzee chupa ya jamu ya plamu kumshukuru.

Jamu! Kumshukuru kwa kilichokuwa chao!

Barua yenyewe aliikuta ndani ya kopo la biskuti, chini ya picha za Clem. Aliisoma mara moja, akaifunika, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Miezi ikapita. Fomu za ushahidi zikaletwa, na nani mwingine wa kuzigawa kama si Enid? Alizunguka nyumba kwa nyumba na kukusanya arobaini na tatu. Katika kila fomu palikuwa na swali: uliwahi kuomba ruhusa? Watu waliandika "Hapana", "La", "Ruhusa ya nini?" Wala hawakudanganya, walikuwa wamesahau. Karatasi ya ubaoni miaka kumi na minane iliyopita, nani anaikumbuka? Fomu ya Enid mwenyewe ilijazwa kila mahali isipokuwa hapo.

Olwen ndiye aliyeiona. "Umeruka hili. Lete kalamu nikujazie."

"Acha, Olwen."

"Niache nini?"

Enid akaenda kabatini, akaleta kopo la biskuti. Olwen alisoma ile barua amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Mzee Corfield kafa," alisema.

"Kafa."

"Na waliokuwa kwenye kamati?"

"Wote wako kwa Mtakatifu Milburga."

"Basi tumebaki mimi na wewe, na mimi nimeshasahau." Olwen aliusukuma mlango wa jiko la kuni kwa kidole, ukafunguka. Moto ulikuwa unawaka vizuri. "Tia humo, tunywe chai."

"Ni mwandiko wake, Olwen."

"Ni karatasi. Enid, nisikilize. Mama yangu alibebwa kwenye njia ile. Alikuwa maiti wa mwisho kubebwa mabegani, na mimi nilitembea nyuma nikiwa na miaka minane, viatu vinanibana. Unataka kunifungia mimi kwa ajili ya barua yako ya adabu?"

"Sitaki."

"Basi tia."

Enid hakuitia. Wala hakusema hataitia. Aliirudisha kwenye kopo, na Olwen akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea kati ya nyumba zile mbili.

Siku ya kusikilizwa, mkaguzi aliyetumwa na serikali, mama mmoja mkavu mwenye miwani, aliketi mbele ya ukumbi. Wanakijiji walijaa. Mmoja baada ya mwingine walisimama na kueleza: nilipita na babu kuokota njugu, nilipita kuchumbia, nilipita kila Matawi. Wakili wa Straker aliwauliza machache tu, akionekana amechoka. Kila mtu aliona njia inarudi. Mzee mmoja nyuma alianza hata kunong'ona habari za kufanya sherehe.

Enid aliitwa wa mwisho, kwa heshima, kama mtunza njia. Alieleza miaka yake yote, miiba yake, jiwe, matuta ya matanuri ya kale ya wachoma makaa ambayo aliyafagia majani watoto wa shule wayaone. Alieleza vizuri, hata mkaguzi akaacha kuandika akamsikiliza tu. Kisha wakili akapekua fomu.

"Bibi Tranter, naona hapa hukujibu swali la tisa. Ulisahau, bila shaka?"

Wakili alimpa mlango wazi kabisa. Angesema ndiyo, basi. Hata uongo usingekuwa mkubwa. Enid alimtazama Olwen safu ya kwanza, na Olwen alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

"Hapana," alisema Enid. "Sikusahau. Samahani."

Akafungua mkoba, akatoa barua.

Birika lilisikika likichemka jikoni. Mkaguzi aliisoma, akauliza kama ilitangazwa kwa watu, na Enid akaonyesha kwa kidole ubao ule ule, pale ilipobandikwa. Wakili hakutabasamu. Aliinamisha kichwa tu, na hilo lilimuuma Enid kuliko kama angecheka.

Hukumu ilikuja kwa posta baada ya wiki saba. Kwa miaka yote tangu barua ile, kijiji kilipita kwa hisani. Ya kabla ya hapo ilihitaji mashahidi wa kutosha wa miaka ishirini mizima, nao wengi walikuwa tayari safu ya kwanza na ya pili kwa Mtakatifu Milburga. Njia haipo.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Dukani walimwambia, "Usijali, mpenzi, ulifanya ilivyokupasa," wakampisha kwenye foleni, na alipotoka akasikia mazungumzo yakianza upya nyuma yake. Olwen alianika nguo zake upande wa pili wa nyumba. Matawi ilipofika, waliokuwa na magari walienda na maua yao. Wengine walibaki. Enid alitembea barabarani maili nne, malori yakimpeperusha sketi, akafika kwa Clem amechoka, akamwambia penye jiwe la kaburi, "Nimeua njia, Clem. Kwa adabu."

Jumanne iliyofuata Straker mwenyewe alibisha hodi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haya kidogo, ameshika kofia mikononi.

"Bibi Tranter, wakili wangu alinieleza. Watu wa aina yako hawapo tena. Nimesikia mumeo amezikwa kule." Akatoa ufunguo kwenye utepe mwekundu. "Huu ni wa kufuli la getini. Pita wakati wowote upendao."

"Ni vizuri sana, bwana. Na wenzangu?"

"Hapana, wewe tu. Wewe ulisema kweli."

"Asante sana," alisema Enid, maana ndivyo mdomo wake ulivyozoea, na mkono ukapokea ufunguo. "Ngoja kidogo."

Aliingia stoo. Kwenye rafu palikuwa na chupa za jamu ya plamu za mwaka jana, na mkono wake ulikuwa umeshaishika moja, umeshaipangusa vumbi kwa aproni, ndipo alipogundua anachokifanya. Alisimama pale. Hasira ilimwingia, hasira ambayo siku zote aliimwaga kwenye miiba tu.

Akairudisha chupa mahali pake. Akatoka.

"Bwana Straker, chukua ufunguo wako."

"Lakini nakupa kwa moyo mmoja."

"Najua. Aliyetangulia naye alitupa kwa moyo mmoja. Niwapite watu niliowafungia njia, ufunguo unalia mfukoni? Sitaki."

Alingoja neno samahani limtoke, kama kawaida. Halikutoka. Straker alivaa kofia, akaaga, akashuka ngazi polepole.

Upande wa pili wa ua, Olwen alikuwa amesimama na shuka bichi mikononi. Alikuwa amesikia kila kitu, maana kusikia ndiyo kazi yake.

"Umemrudishia?"

"Nimemrudishia."

"Mpumbavu wewe. Ungeweza kwenda kwa Clem kwa nusu saa." Olwen alitupa shuka juu ya kamba bila kulinyoosha. "Sasa unakwendaje?"

"Barabarani. Sasa hivi."

"Peke yako, na malori yale?"

"Nani atanisindikiza?"

Olwen aliingia ndani, na Enid akadhani ndiyo basi tena. Kisha akamsikia akifoka kwamba kiatu kimoja hakionekani.

Walitembea kandokando ya barabara, mmoja nyuma ya mwenzake, nyuso zikielekea magari. Maili mbili zikapita. Penye mwinuko, ambapo vilele vya Aldersty vinaonekana juu ya ua wa miti, Olwen alisimama kushika pumzi.

"Miiba itakuwa imeshafika magotini," alisema.

"Kiunoni," alisema Enid. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, kwa mazoea tu. Aliugusa, kisha wakaendelea, maana lori lilikuwa linakuja.