Lango la Boma la Msimbu

Mdogo wangu anayeishi Msimbu alinipigia simu Jumatatu kuniambia kwamba Ijumaa greda lingepanua barabara, nalo lingepita pale lilipokuwa lango la boma. Tangu hapo sikutulia. Nafundisha historia sekondari, Visiga, na kwa miaka mingi nimewaeleza wanafunzi kuwa zamani kijiji chetu kilizungushiwa magogo kuzuia wavamizi, na kwamba lango lake lilikuwa kubwa. Sikuwahi kwenda kulipima. Jumatano nikiwa darasani nilipoteza mada mara mbili. Alhamisi niliomba ruhusa, nikachukua futikamba, nikaondoka.

Shangazi yangu, aliyepita miaka themanini, aliitikia shikamoo yangu huku tayari amevaa ndala. Alinipeleka hadi kwenye kisiki cha nguzo ya lango, ya mti mgumu wa mkongo, kilichozama ardhini, cheusi, maana nguzo zilichomwa upande wa chini zisiliwe na mchwa. Nguzo ya pili ilishang'olewa, lakini shimo lake alilijua. Nikapima nafasi ya katikati. Sentimita sitini na kidogo. Nikapima tena, nikadhani nimekosea.

"Mbona dogo hivi?" nikamuuliza.

"Lingekuwa kubwa la nini? Mtu alipita mmoja mmoja, ameinama."

Ndipo akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Bibi yake alipokuwa msichana walikuwa shambani, yeye na kaka yake, wavamizi wakatokea. Wakakimbia. Bibi alikuwa na mzigo wa muhogo kichwani, ukakwama langoni. Badala ya kuutupa alihangaika nao, kaka yake akimsukuma kwa nyuma. Mzigo ulipoanguka ndani naye aliangukia ndani, na walinzi wakashusha magogo ya kukomea. Kaka alibaki nje. Hakuonekana tena.

"Mpaka anakufa hakula muhogo," shangazi alisema.

Usiku nilijigeuzageuza kitandani. Asubuhi greda lilipofika nilikuwa nimekwisha kusimama pale. Nilimweleza dereva habari yote, haraka haraka, nikichanganya maneno. Alinisikiliza vizuri, akasema vigingi vya barabara hakuviweka yeye, ila angeanza upande wa pili. Mimi na mdogo wangu tukachimba kwa majembe hadi mikono ikatoka malengelenge, kisiki hakikutikisika. Mwishowe dereva mwenyewe alikisukuma taratibu kwa mashine, kikatoka kizima, kirefu kuliko tulivyodhani. Tukakiviringisha hadi ukutani kwa shangazi. Barabara ikapita.

Jumatatu niliwaambia wanafunzi kwamba nimewafundisha vibaya, nikawachorea lango lenyewe ubaoni kwa vipimo vyake, nikawasimulia. Msichana mmoja akauliza yule kaka aliitwa nani. Sikujua. Simu ya shangazi haikupatikana siku hiyo, nami niliipiga kila kipindi kilipokwisha.