Saa Tano za Dada Yangu Kisiwani

Dada yangu mkubwa alifanya kazi miaka mitatu katika meli ya watalii, moja ya zile meli ndefu kama mtaa mzima, zinazozunguka visiwa vya joto upande wa pili wa dunia. Aliondoka Kamina, mji wetu, kwa treni mpaka Lubumbashi, akateremka mpaka Afrika Kusini, akasafisha hoteli kule, na kutoka huko wakamchukua kusafisha vyumba vya meli. Mimi nilibaki na mama. Nafundisha darasa la tatu, shule ya msingi. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki. Baba, aliyekuwa mtu wa reli, alikuwa ameshakufa, mmoja wetu alipaswa kukaa na mama, na dada alikuwa ameshapanda treni.

Baharini intaneti ilikuwa ghali kwa wafanyakazi, kwa hiyo alipiga simu siku meli ilipotia nanga tu. Kusimama huko walikuita escale. Mama hakujua Kifaransa kingi, lakini neno hilo alilijua kuliko majina ya dawa zake.

"Leo iko escale?" aliniuliza kila asubuhi, nikimwosha miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa moyo.

"Hapana, mama. Escale ni siku ya ine."

Siku ya nne ya juma ilipofika nilimtoa nje na kiti chake mpaka kwenye ukuta wa jikoni, mahali pekee nyumbani ambapo rezo, mtandao wa simu, ilishika vizuri. Nilishika simu mbele ya uso wake mpaka mkono ukafa ganzi. Dada alitokea amevaa miwani ya jua, nyuma yake minazi na maji ya buluu ambayo sikujua kama ni ya kweli.

"Mutoto yangu," mama aliuliza, "leo bantu banafanya nini kule?"

Dada alimweleza. Wengine wanaogelea na samaki wakubwa wasiouma. Wengine wanapanda kilima kwenda kuona maji yanayoanguka kutoka juu ya mwamba. Wananunua kofia za majani, wanakula kamba waliochomwa pale pale mchangani, au wanalala tu juani bila kufanya kitu. Wana saa tano, halafu meli inapiga honi na wote wanarudi. Baadaye alituma picha, na mama aliwaonyesha majirani waliokuja kumjulia hali. "Angalia mutoto yangu fasi iko, pahali pazuri hivi," aliwaambia. Hata siku moja hakuwaambia ni nani aliyepika uji uliokuwa mapajani mwake.

Nilikuwa na wivu. Sikutaka kisiwa. Nilitaka mama aniulize mara moja tu: na weye, leo umefanya nini?

Alikufa asubuhi, siku ya pili ya juma, kabla sijaenda shule. Nilikuwa nimemnyanyua ili anywe maji. Alinitazama vizuri, akaniita kwa jina la dada, akaniuliza kama yale maji ya kuanguka ni ya baridi.

"Iko baridi, mama," nilisema.

"Ah," alisema, kama mtu aliyeletewa habari njema. Hakusema tena kitu.

Mchana ule ule ukoo ulikutana uani chini ya turubai. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyeongoza mambo.

"Tutazika siku ya ine, saa munane," alisema. "Bato yabo, ile meli, itakuwa imesimama. Yaya yako, dada mukubwa, naye aone."

"Baba, siku mbili? Na hii joto?"

"Weye ulikuwa hapa. Ulimuona kila siku. Mwenzako je?"

Wazee wote walitikisa vichwa, wakaona amesema vizuri. Hivyo mama alingojea siku mbili, na mimi nilikwenda kugombana na watu wa chumba cha maiti ambao umeme wao ulikuwa unakuja na kuondoka. Siku ya maziko nilimwosha mimi na mama wadogo wawili. Kwenye sanduku lake la nguo palikuwa na kikwembe, kitenge ambacho dada alikuwa ametuma, kizito, rangi ya dhahabu, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Nilikitazama, nikafunga sanduku, nikamvalisha mama kile cha buluu cha siku zote.

Makaburini simu iliita saa nane kamili. Kule ilikuwa saa mbili asubuhi. Kabla sijasema neno, mama wadogo walinizunguka wakaanza kulia wakiangalia simu. "Pole, mutoto wa mama! Pole, weye uko peke yako mbali!" Mtu mmoja alinisukuma bega. "Shika muzuri, yaya yako haoni sanduku." Nikainua mkono juu zaidi. Watu wale wale walipita karibu nami siku mbili nzima wakiniuliza chumvi iko wapi, viti viko wapi.

Dada alikuwa analia. Nyuma yake watu weupe waliovaa nguo za kuogelea walipita na taulo mabegani, na muziki ulikuwa unapigwa mahali fulani. Mwanamume mmoja alisimama kunywa kitu chekundu chenye mrija, akatazama simu ya dada, akaenda zake.

"Umemuvalisha kikwembe gani?" dada aliuliza.

"Ile ya buluu. Njo yeye alichagula."

"Na ile nilituma?"

"Hakuipenda."

Ulikuwa uongo. Mama alikipenda mno, alikiweka akisema atakivaa siku dada atakayorudi.

Dada akasema, kwa sauti ya mkubwa anayemkosoa mdogo: "Ungemuvalisha tu. Haukufikiria minyi, dada yako?"

Wanaume walikuwa wanapitisha kamba chini ya jeneza. Mchungaji alikuwa amefungua kitabu. Kidole changu kilikuwa kando ya simu, na nilibonyeza, nikaendelea kubonyeza mpaka uso wake ukapotea na kioo kikawa cheusi.

"Rezo imekatika," niliwaambia.

"Ah, hii rezo ya Kamina," alisema baba mdogo.

Niliweka simu mfukoni na kusogea mpaka ukingoni mwa kaburi. Hakuna aliyesimama mbele yangu. Niliona mama akiteremshwa, nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe, na sitadanganya: ilikuwa tamu. Kwa dakika zile alikuwa mama yangu peke yangu.

Niliwasha simu kesho yake asubuhi. Ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine, nikakaa kwenye kiti cha mama kuusoma. Rezo? Jaribu tena. Peleka simu pa fasi ya juu. Bamefika wapi? Nitumie hata picha moja. Minyi niko hapa hapa, sitoki. Imebakia saa moja. Bato inaita.

Wa mwisho ulikuwa wa sauti. Alikuwa anahema kama mtu anayetembea haraka. "Nimechota udongo hapa pembeni ya parking," alisema. "Nimeutupa. Nilifikiri ni saa ile ya kuzika. Sijui kama nilipatia."

Nilimwandikia kwamba rezo ilikuwa mbaya juma zima.

Mwaka uliofuata mkataba wake uliisha, akaja. Nilimpokea stesheni. Nilimtegemea mwanamke wa zile picha, akashuka mtu mwembamba, ngozi ya mikono imepasuka kwa sabuni kali. Tulikwenda makaburini kwa miguu. Alikaa chini kando ya kaburi, akang'oa nyasi. Nilimuuliza ni kisiwa gani kilichompendeza kuliko vyote.

"Kisiwa?" alicheka kidogo. "Sijaona hata kimoja. Bantu ya kazi banatoka kwa saa bili, tatu tu, na siku zingine habatoki. Ile siku ya kilio nilipiga magoti mbele ya mukubwa yangu njo akanipatia saa tano zote. Siku zingine nilikuwa nakimbia pa duka moja ya kofia, karibu na lango la bandari. Wifi yabo ilikuwa ya bure. Nilikuwa nakaa pa chini, naita mama."

"Na maji ya kuanguka?"

"Picha ya bageni. Niliwaomba." Aling'oa nyasi nyingine. "Mama alikuwa anauliza. Ningemwambia nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Palikuwa na sisi wawili tu na jua la mchana. Nilifungua mdomo.

"Ile siku," alisema yeye kabla yangu, "rezo ilitutesa."

"Ilitutesa," nilisema.

Alikaa nyumbani wiki sita. Majirani walikuja kila siku kumsikiliza, na mimi nilipika bukari, ugali wetu, kwa wote. Kikwembe cha dhahabu alikikuta sandukuni, akanipa mimi. Nilikataa, akasema basi, akaondoka nacho alipopata mkataba mwingine.

Sijamwambia ni nani aliyekata simu. Nimefikiri mara nyingi, na sasa najua sitamwambia, na sababu si huruma. Nikimwambia atalia, kisha atanisamehe upesi, mbele ya ukoo wote, na watu watasema moyo wa yule dada ni mkubwa namna gani.