Kadi ya Pacha Wangu

Harufu ya kiazi kibichi ikinifikia, mie hutoka jikoni. Wajukuu hucheka. Wacheke, nyumba nimejenga mie.

Nilipokuwa mtoto, mama alichonga viazi vikawa mihuri, akachovya kwenye wino, akagonga kadi mbili za Idi. Yangu ilikuwa na nyota. Yenye mwezi ilikuwa ya pacha wangu, tuliyemzika.

"Mwenzio asipopewa chake, atakufuata," alisema. "Kesho utapaka rangi yako. Yake usiiguse."

"Kwani marehemu ana kalamu, mama?"

"Funga mdomo."

Asubuhi kadi ya mwezi ilikuwa vilevile. Nyota yangu ilikuwa imepakwa nyekundu, na rangi haijakauka.

Mama alivikagua vidole vyangu. Visafi. Akaenda kutia komeo mlangoni.

"Leo hutoki, baba. Idi utaila humu humu ndani."