Gari la Kuwashia Mteremkoni

Sisi tunaokaa milimani hapa Mwanza tuna bahati moja ambayo watu wa tambarare hawana: gari lililokufa stata kwetu ni gari zima. Jioni unaliegesha pua ikitazama chini, unaliacha ndani ya gia na kukinga jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, unakanyaga klachi, gari linateremka lenyewe, na ukifika kwenye kona ya jirani unaachia klachi. Linashtuka kidogo, linawaka. Nimeishi hivyo muda mrefu, kiasi kwamba mtu akinilalamikia stata yake simpi pole, namuuliza kwanza anakaa wapi.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la gia za mkono, na lilishakuwa la zamani siku nilipolinunua. Mlango mmoja ulitoka kwenye gari jingine na boneti kwenye jingine, kwa hiyo rangi zake hazielewani. Mke wangu huliita mkweche, na hilo neno linanikera. Mkweche ni gari lisilo na mwenyewe. Hili lina mwenyewe, na kila Jumamosi, nikishafunga duka langu la vioo pale Nyamagana, mwenyewe yuko chini yake amelalia boksi, oili inamdondokea shingoni. Nawaona wenzangu wenye magari ya kompyuta: taa moja ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, mtu mzima anapaki pembeni na kupiga simu sauti ikitetemeka. Langu taa za dashibodi haziwaki kabisa. Likiumwa linatoa mlio, nami naujua mlio ule unatoka wapi.

Nasimulia habari za siku tulipompeleka mama mkwe hospitali ya macho.

Mama mkwe anakaa ng'ambo, upande wa Sengerema, si mbali na Kamanga. Alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga kabisa, na hilo la pili alikuwa anaona vivuli tu. Ng'ombe na mjukuu alikuwa akiwatofautisha kwa sauti. Daktari alisema atamfanyia upasuaji mdogo na ataona, ila asichelewe. Mama alikubali. Lakini kila siku ya kwenda ikifika, sababu inapatikana. Mara mvua imenyesha na mpunga haujaanuliwa. Mara kuna msiba kijiji cha jirani, wa mtu ambaye hata hakumpenda. Mke wangu alilia usiku ule wa msiba. Akaniambia, "Mama anaogopa kisu. Tukimfikisha mlangoni kwa daktari ataingia, namjua. Taabu ni njiani. Njiani anatafuta sababu."

Kwa hiyo safari hiyo nilipewa kazi moja tu: nisimpe mama sababu.

Mama ni mtu wa desturi za Kisukuma za zamani. Mkwe wa kiume hashikani naye mkono, hakai naye mkeka mmoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Nikienda kwao nasimama mbali uani na kutoa "Shikamoo mama," naye anaitika "Marahaba" akiwa ameelekea zizini. Akitaka kujua kama nimekula anamuuliza binti yake, na mimi nimesimama palepale nasikia. Wala si chuki. Ni heshima, na miaka yote ya ndoa yangu tulikuwa tumeheshimiana hivyo bila kuzungumza sentensi moja iliyokamilika.

Siku hizi daraja la Busisi lipo, unavuka ziwa bila kuzima injini, na kwa gari kama langu hiyo ni neema. Lakini kutoka kwao mpaka darajani ni mzunguko mrefu, na mama akikaa garini sana anatapika. Kutapika ni sababu. Kwa hiyo ilibidi tupite Kamanga, na kivukoni lazima uzime gari, na sakafu ya kivuko haina mteremko.

Nikatengeneza stata. Niliishusha, nikaifungua juu ya gazeti, nikakuta kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani, zimelika mpaka mwisho. Nikatafuta kaboni za stata nyingine, nikazipiga msasa zikaingia. Wiki nzima asubuhi naingiza ufunguo na gari linawaka mara moja. Mke wangu alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akakubali kwa kichwa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona fundi.

Tulilala kwao, tukaondoka alfajiri. Mama alikaa nyuma na binti yake, khanga kichwani, mkoba mapajani. Barabara ya vumbi, gari likapata joto, tukafika Kamanga salama. Nikapanda kivuko, nikaambiwa nizime, nikazima. Abiria wote hushuka garini, basi mke wangu akamshika mama mkono wakaenda kukaa kwenye benchi la upande wa upepo. Nilimsikia mama akiuliza, "Hilo gari litawaka?" Mke wangu akajibu, "Limetengenezwa, mama."

Kivuko kilipofunga gati upande wa mjini, watu wa miguu wakashuka kwanza. Zamu yangu ikafika, nikazungusha ufunguo. *Tik.* Nikarudia. *Tik.*

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile wiki nzima nilikuwa nimeijaribu stata asubuhi tu, ikiwa ya baridi. Mchana kutwa, kila nilipotoka dukani au sokoni, mguu ulikuwa ukikanyaga klachi wenyewe na mwingine ukiachia breki, nikateremka nalo kama kawaida. Sikuwahi hata mara moja kuliwasha kwa ufunguo likiwa la moto. Mtu wa Shinyanga, kule tambarare, asingefanya kosa hilo.

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Wafanyakazi wa kivuko hawana muda wa kubembeleza. Wakaja watatu, na abiria kadhaa, wakanisukuma kutoka nje hadi juu kidogo ya gati, wakaniacha pembeni karibu na wamama wanaouza dagaa.

"Mzee, hili si la kupeleka makumbusho?" mmoja aliniuliza wakati wanasukuma.

"Wewe sukuma tu."

Mbele yangu kulikuwa na mlima. Nyuma yangu kulikuwa na ziwa.

Mke wangu alikuwa amesimama na mama upande wa pili wa njia. Mama haoni, lakini masikio yake ni mazima, na alikuwa amesikia kila kitu. Nikamsikia anasema kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu aliyetua mzigo, "Basi mwanangu, turudi. Kivuko si bado kipo?"

"Mama, tumeshafika. Tunachukua bajaji."

"Bajaji sipandi. Nimekubali gari la mumeo. Gari limekataa. Mimi nifanyeje?"

Akageuka, akaanza kwenda kwenye dirisha la tiketi akimvuta binti yake. Mke wangu alinitazama. Nimewahi kutazamwa kwa hasira na mke wangu, nayo naiweza. Ile haikuwa hasira. Alikuwa anaomba.

Gari la gia za mkono linawaka hata kinyumenyume. Watu wengi hawajui, au wanajua ila hawajathubutu. Unaweka gia ya kurudi nyuma, unakanyaga klachi, unaliacha literemke na matako, halafu unaachia. Nikawaambia wamama wa dagaa wasogeze beseni zao. Nikawaambia wale jamaa wasimame pembeni, wasikae nyuma yangu.

"Mzee, huko nyuma ni maji!"

"Nayaona."

Nikaachia breki. Gari likaanza kurudi. Nikaachia klachi mapema kwa woga, tairi zikateleza juu ya saruji iliyolowa, gari likasimama kimya. Watu wakacheka. Wale jamaa, Mungu awabariki, wakanisukuma tena juu huku wakitukana. Mama alikuwa ameshafika dirishani na alikuwa anafungua fundo la khanga atoe nauli.

Mara ya pili nililiacha literemke. Kwenye kioo niliona saruji, kisha ukingo, kisha maji yenyewe, yanameta. Nilisikia mwanamke mmoja akipiga yowe. Nikaachia klachi.

Likawaka. Lilitoa moshi mweusi na kelele kama mashine ya kusaga, nikakanyaga klachi na breki na kuivuta handibreki, ambayo haijawahi kushika, nikabaki nimekanyaga breki na mafuta kwa mguu mmoja kwa kuogopa lisinyamaze. Watu walipiga makofi. Nililipandisha taratibu mpaka karibu na dirisha la tiketi.

Mama alisimama, fundo la khanga mkononi. Alisikiliza. Kisha akafunga fundo lake, akaja. Alipapasa ubavu wa gari kuanzia nyuma, akaupita mlango wa nyuma, akafika wa mbele, akaufungua, akaketi kando yangu.

"Mama, hapo ni mbele," mke wangu alisema.

"Najua. Panda upesi kabla halijazima."

Sikuthubutu kugeuza shingo. Tulipita mjini katikati ya foleni, bega lake na langu yakikaribia kugusana kila kona, na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Hospitalini niliegesha mbele kabisa ya jengo la macho. Mke wangu alishuka kumfungulia mlango. Mama hakushuka. Alikuwa ametazama mbele, mikono imeukumbatia mkoba.

"Wewe," akasema.

Ilinichukua muda kujua kwamba wewe huyo ni mimi.

"Naam, mama."

"Usilizime. Nikiwa mle ndani nikisikia limenyamaza, natoka."

"Silizimi, mama."

Mlinzi alikuja kuniambia pale si mahali pa kuacha gari likinguruma. Nilimwomba anivumilie kidogo, na nadhani uso wangu ulimtisha kuliko maneno, maana alirudi kwenye kiti chake. Mke wangu alikuwa anampandisha mama ngazi, moja moja. Mlangoni mama akasimama. Nesi alikuwa amemshikia mlango, naye haingii, mkono wake umeng'ang'ania fremu. Nilijua anageuka. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio likielekea huku niliko.

Nikakanyaga mafuta kidogo, asikie.

Akaingia.