Msiba wa Kombe la Mwembesongo

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa bila ganzi. Jino lenyewe limeshaoza huko lilikotupwa, ila ulimi bado unaenda kupapasa pale pale. Kaa nikusimulie. Nikikosea mahali usinisahihishe, maana shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Tulishindwana na hesabu, ikabaki shule, mimi nikaondoka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni, sukari, mashati, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni tangu alfajiri, ghafla vikajaa madukani. Mtaa wetu wa Mwembesongo mzima tukavaa mitumba. Mimi nilipata koti la manyoya la huko kwenye barafu, nikawa nalivaa jua la Morogoro likiwaka, natokwa jasho kama ubwabwa uliofunikwa. Ndio umaridadi wetu huo. Redioni tukasikia Wajerumani nao wamebomoa ukuta uliogawa nchi yao. Tukasema haya, na wao wamepata ruksa.

Basi mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni akatoa kombe na seti ya jezi mpya, namba zimeshonwa, si za kuchora na rangi kama zetu. Timu za mjini na za milimani zikaingia mashindanoni. Mimi nilikuwa kipa wa Mwembesongo, na papo hapo katibu wa mashindano. Usiniulize imekuwaje kipa akawa katibu. Wenye mwandiko unaosomeka tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa anaumwa.

Fainali ikawa sisi na Kinole, kijiji cha milimani. Kinole walikuwa na kijana anaitwa Salehe, mwembamba kama fito, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa na akili kuliko kichwa changu chote. Mwaka uliotangulia alinifunga manne. La nne liliingia mimi bado nabishana na mabeki kuhusu la tatu.

Na safari hii halikuwa kombe peke yake. Mwalimu wa timu kubwa ya kiwanda alisema atakuja fainali kumtazama Salehe. Akimpenda, anampa kazi kiwandani na namba uwanjani. Kwa kijana anayeshinda anabandua mdalasini shambani na mama yake, unaelewa maana yake nini.

Sheria ilikuwa hivi: mchezaji asiye na kadi yenye picha na muhuri hachezi. Timu zote zilileta kadi kwangu, mimi nazipeleka ofisi ya michezo zikagongwe. Za Kinole ziligongwa vizuri tu, kama za wengine. Nikazirudisha nyumbani, nikazitazama zile picha, Salehe kakodoa macho kama kamwona simba nyuma ya mpiga picha. Nikazitia chini ya godoro, nikajilaza juu yake. Sijawahi kulalia kitu kigumu kama karatasi zile, mwanangu.

Siku ya fainali Kinole wakashuka na lori la ndizi, viatu wamevining'iniza shingoni. Salehe akanijia anacheka.

"Katibu, kadi zetu ziko wapi?"

"Ofisini bado," nikamjibu. "Si unajua tena mambo ya ofisi."

"Lakini juzi ulisema ziko tayari."

"Nilisema zitakuwa tayari. Wewe hukunisikia vizuri."

Refa akasema bila kadi hakuna mpira. Mwalimu wa kiwanda akatazama saa yake, akapanda baiskeli, akaondoka. Tukapewa ushindi wa mezani. Wale wa Kinole hawakutukana wala hawakurusha jiwe. Walikunywa maji bombani, wakapanda lori lao, Salehe akakaa juu ya magunia matupu na viatu vyake vikiwa bado shingoni, havijagusa nyasi. Laiti wangerusha mawe. Ningepata cha kuwalaumu.

Jumapili mchana tukafanya sherehe. Pilau, soda, kombe juu ya meza limefungwa utepe. Mimi nimevaa jezi mpya namba moja, na juu yake lile koti. Tunaimba, mara akaingia Mzee Maganga.

Mzee huyu alikuwa Mnyamwezi, fundi mitambo pale pale kiwandani. Ujanani mwake serikali ilimpeleka Ujerumani ya Mashariki kusomea ufundi. Na kwetu sisi Waluguru Mnyamwezi ni mtani. Mtani unamjua: anakuchekesha msibani, anabeba chako mchana kweupe, na ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Unachotakiwa ni kukikomboa tu.

"Shikamoo, mzee," tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Nani kafa hapa?"

"Hakuna msiba, mzee. Tunasherehekea kombe."

Akalisogelea, akalipigapiga kwa kidole, akaliwekea sikio. Kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa anapakua. "Dada, niazime kanga." Akalilaza kombe mezani, akalifunika gubigubi, akaweka mikono kichwani. "Uwiii! Jamani, kombe la watu! Limekufa halijachezewa hata dakika moja! Nyie Waluguru mnakula pilau na maiti iko mezani?"

Wanawake walicheka mpaka miiko ikawadondoka. Wakaitikia, "Poleni wafiwa!" Kapteni wetu akajikaza. "Mzee, utani kando, sisi tumeshinda."

"Mmemshinda nani? Meza?"

Ukumbi mzima chini kwa kicheko. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, maana mwenye kidonda ndiye anayewahi kufukuza nzi.

Halafu mzee akaacha kucheka. Akavuta kiti, akakaa karibu na lile kombe lililofunikwa.

"Kule nilikosoma," akasema, "msimamizi wetu wa karakana alikuwa mtu mzima, miaka yake hamsini hivi. Kabatini mwake, pamoja na spana, aliweka viatu vya mpira, vya zamani, amevipaka mafuta. Siku moja nikamuuliza, babu, unacheza? Akaniambia, baada ya vita vya pili vya dunia nchi yetu iligawanywa, huku Mrusi, kule Waingereza na wenzao. Lakini ubingwa wa mpira wakataka uwe mmoja, bingwa wa huku akacheze na wa kule. Sisi tukawa mabingwa wa huku. Njaa tupu, tunacheza tumekula viazi viwili, lakini mabingwa. Nikapaka viatu mafuta, nikafunga begi. Wakubwa wa huku wakatunyima karatasi za kupitia mpakani. Karatasi tu, Maganga. Mechi haikuchezwa, wenzetu wakasonga mbele. Nikasema mwakani. Mwakani nchi zikawa mbili, baadaye ukajengwa ukuta. Ndivyo alivyoniambia. Hakuwahi kusema wangeshinda. Alisema mpaka leo hajui kama angeuweza ule mchezo, na hilo ndilo linalomwamsha usingizini."

Mzee akainyoosha ile kanga juu ya kombe.

"Juzi nimesikia redioni ukuta umeanguka," akaendelea. "Nikafurahi, kisha nikamkumbuka yule mzee. Sasa njia iko wazi, ruksa kupita, lakini miguu ya kukimbilia haipo tena."

Akainuka, akalibeba kombe na kanga yake. "Mimi mtani, nalizika kwangu. Na kulikomboa si pesa wala kuku. Kulikomboa ni dakika tisini na Kinole." Alipofika mlangoni akanigeukia. "Katibu, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Ila mwosha mwenye adabu hasemi. Anamwachia mwenye maiti aseme mwenyewe."

Akaondoka. Hakuna aliyethubutu kumzuia, maana mtani ni mtani. Lakini mimi nilijua kwamba anajua, maana kadi zote zilipitia mikononi mwangu. Nikaisukuma kando sahani ya pilau, nikajifanya pilipili manga imezidi.

Jumatatu nikadandia lori la ndizi, na lilipokomea nikapanda mlima kwa miguu, kadi za watu nimezifunga kwenye leso. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika nikamkuta mama yake Salehe uani, anaanika mdalasini.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mjini na koti hilo? Utakufa na joto. Kaa ule kwanza."

Akaniwekea magimbi na chai. Unaona mtihani huo? Salehe akatoka shambani, akanikuta nimejaza gimbi mdomoni. Yale maneno yote niliyoyapanga yakapotea. Nikafungua leso, nikazimwaga kadi kwenye mkeka.

"Zilikuwa kwangu," nikasema. "Muhuri ulishagongwa. Nilizificha."

Salehe akaokota ya kwake, akaigeuza upande wa muhuri. "Kwa nini?"

"Nakuogopa."

Nilidhani atanipiga. Akamtazama mama yake. Mama akasema, "Mtu aliyepanda mlima huu kuja kujisemea mwenyewe, mwache amalize gimbi. Baadaye utampiga uwanjani."

Nikarudi, nikawaambia na wenzangu. Walinivua jezi namba moja. Siku ya tatu wakanirudishia, si kwa huruma, bali kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusimama golini mbele ya Salehe. Ukatibu ndio sikurudishiwa, na sikuudai. Mzee Maganga akaenda kumsihi yule mwalimu wa kiwanda. Mwalimu akasema hana muda wa kuchezewa, ataona kama atakuja.

Mechi yetu na Kinole ikaanza mwalimu hayupo. Kipindi cha kwanza bila bila, nikaokoa mpira mmoja kwa pua, damu inatoka, watu wanashangilia. Kipindi cha pili naiona baiskeli ya yule mwalimu inaegeshwa nyuma ya goli langu. Mwanangu, hapo moyo wangu uligawanyika kama ile nchi ya Wajerumani. Nusu inaomba Salehe akosee, nusu inaomba apate. Akanifunga mawili. La pili lilipita katikati ya miguu yangu, na mpaka leo wapo wazee mjini hapa wakiniona wananiuliza, "Daraja limefungwa?" Tulifungwa mawili kwa moja. Mzee Maganga akalitoa kombe, likapanda Kinole kwenye lori la ndizi, na mimi nililisaidia kupanda.

Salehe alichukuliwa na kiwanda wiki ile ile. Sitakudanganya kwamba alikuwa nyota wa taifa. Alicheza misimu miwili, goti likamwangusha, akarudi kwenye mdalasini wake na mke na heshima yake. Ila alicheza. Hana viatu kabatini vya kumwuliza maswali.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Utakuja kukaa ofisini, mkononi una muhuri, orodha, fomu ya mtu, na huyo mtu utamwogopa kwa sababu anakuzidi. Hapo ndipo godoro litakapokuita. Usiifiche kadi ya mwenzio. Mpe, mkutane uwanjani, akufunge, watu wacheke, kesho utaamka salama. Mimi nimechekwa miaka yote hii na bado nakula vizuri, unaniona tumbo. Na kama umeshaificha, usingoje iwe dhambi ya uzeeni. Funga leso, panda mlima, sema mwenyewe wakati mwenzio bado ana miguu.

Mungu akupe riziki yako na akupe macho ya kuifurahia riziki ya mwenzio. Akupe washindani hodari, na mtani wa kukuumbua mapema kabla dunia haijakuumbua. Njia zako ziwe wazi, mwanangu, na wewe usiwe ukuta wa mtu yeyote. Amina.